Gari dogo la kwendea kazini: tuchague lipi?

Kwa miaka mingi mji wetu wa Tanga umejulikana kuwa mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka kama mistari ya daftari, na mtu aliyekaa Barabara ya Kumi na Mbili aliweza kufika sokoni, kanisani na kazini kwa baiskeli bila kutokwa na jasho jingi. Mama zetu walibebwa nyuma, kanga imekusanywa vizuri isije ikanasa kwenye spoku, na safari ikaenda salama.

Lakini mji umepanuka. Leo watu wanajenga Kange, Pongwe na hata kuelekea Muheza, wakati kazi, shule na hospitali nyingi bado ziko mjini. Mama mwenye zamu ya asubuhi aamke saa kumi, awaandae watoto, asimame barabarani akisubiri daladala iliyokwisha kujaa, au apande bodaboda huku amebeba mkoba, chakula na mtoto mgongoni. Ndiyo maana siku hizi kwenye vikao vyetu vya akina mama, sala ikishakwisha na chai haijamiminwa, swali linalosikika ni hili: jamani, na sisi tununue gari gani?

Si swali la anasa. Sisi tunaofanya kazi wodini tunawaona walioanguka na pikipiki, na tunajua mguu uliovunjika unavyoweza kumweka mama kitandani miezi mitatu wakati watoto wanahitaji ada. Tena tunawaona wengine, ambao hawakuvunjika mfupa wowote, ila wamekopa fedha za gari bovu na sasa shinikizo la damu halishuki. Kwa hiyo tumeona ni vema tuzungumze jambo hili kwa kirefu, kama tunavyozungumza habari za lishe au chanjo.

Yalivyotufikia

Wazee wetu wanakumbuka enzi za uhaba wa mafuta, serikali ilipopiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili mchana. Gari wakati huo lilikuwa Peugeot ya mkurugenzi au Land Rover ya misheni. Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka ya 1990 magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kushuka bandarini kwa wingi.

Kwa nini Japani? Kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Pili, kwao gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama kubwa, hata wengi huona afadhali kuliuza gari likiwa bado zima kuliko kulipeleka kukaguliwa mara ya tatu au ya nne. Gari ambalo Mjapani amelichoka, kwetu ni la kuanzia maisha.

Katika magari madogo, Toyota Starlet ndiyo iliyotangulia kupendwa. Ilitengenezwa tangu mwaka 1973 hadi 1999, na mwaka huo huo wa 1999 nafasi yake ikachukuliwa na Vitz, ambayo Ulaya inaitwa Yaris. Vitz ilipotoka ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka huko Japani, na mwenzake Yaris akachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya la mwaka 2000. Mwaka 2002 ikafuata IST, iliyojengwa juu ya msingi wa Vitz lakini ikiwa imeinuka kidogo na pana kidogo. Mwaka 2004 ikaja Passo, ambayo Toyota waliitengeneza pamoja na kampuni ya Daihatsu. Hayo ndiyo magari utakayoyakuta yamepangwa nje ya kila hospitali, shule na kanisa hapa mjini. Vijana wanayatania kuwa ni magari ya akina mama. Hatuoni ubaya wake.

Hesabu kabla ya rangi

Akina mama wengi huanza na rangi, kisha umbo, kisha bei. Sisi tungeomba uanze na kalamu.

Tuseme unakaa kilometa 15 kutoka kazini. Kwenda na kurudi ni kilometa 30. Kwa siku 22 za kazi hizo ni kilometa 660. Ongeza ibada, soko, msiba na kumpeleka mtoto kliniki, uhesabu kilometa 800 kwa mwezi. Gari dogo lenye afya, kwa mwendo wetu wa mjini na kiyoyozi kikiwashwa mara kwa mara, hutembea kama kilometa 15 kwa lita. Hapo unahitaji lita 53 na kidogo. Petroli ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 160,000 kila mwezi. Bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina bei yake kwa kuwa mafuta mengine hushushwa katika bandari yetu. Basi weka bei ya mwezi huu mahali pa ile 3,000 uone inakuwaje.

Hesabu haijakwisha. Kwa kilometa 800 kwa mwezi, oili ya injini itabadilishwa karibu kila baada ya miezi sita, maana wengi hubadilisha kila kilometa 5,000. Kuna bima. Kuna matairi manne, ambayo hayachakai siku moja lakini aghalabu huomba kubadilishwa siku moja. Kuna bush na shokapu, kwa sababu ya mashimo. Tunawashauri wenzetu waweke kando shilingi 50,000 au 60,000 kila mwezi kwa ajili ya gari, hata katika mwezi ambao halikuharibika kitu. Fedha hizo zikae mahali pake, zisichanganywe na za sukari.

Ukijumlisha na makato ya mkopo wa SACCOS ukaona mshahara umebaki nusu, basi gari bado. Panda daladala mwaka mmoja zaidi ukiweka akiba, wala usione aibu mbele ya wenzako.

Jambo jingine tunalolisisitiza sana: mwenye shilingi milioni kumi asinunue gari la milioni kumi. Anunue la milioni nane. Gari lililotumika likifika mikononi mwako lina madai yake ya kwanza, na madai hayo hayasubiri mwisho wa mwezi. Tunamfahamu dada mmoja, muuguzi mwenzetu, aliyekamilisha malipo Ijumaa akiwa hana hata nauli iliyobaki. Jumatatu betri ikafa. Gari likakaa nje ya nyumba wiki tatu limefunikwa na shuka, naye anakwenda kazini kwa bodaboda ile ile.

Lipi kwa nani

Hakuna gari moja linalomfaa kila mtu. Mama anayekaa mjini, akitembea kwenye lami tu, watu wawili au watatu ndani, anatosheka na Vitz ya injini ya lita moja au Passo. Passo ya lita moja ina silinda tatu, hivyo ikisimama kwenye taa utaisikia inatetemeka kidogo. Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa. Lakini silinda tatu hazisamehe mtu anayechelewesha oili.

Mwenye watoto watatu, magunia ya sokoni na safari za kijijini ataona IST inamfaa zaidi. Imeinuka, na injini yake ni ya lita 1.3 au 1.5. Tofauti hiyo huionei Raskazone. Utaiona siku ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilometa 33 za kona na mlima, watu wanne ndani na kiyoyozi kimewashwa. Hapo gari la lita moja huanza kuugua, na wewe dereva unaanza kuomba. Kadhalika anayekwenda vijijini, kwenye barabara za vumbi na makorongo kama zile za kupandia Amani kutoka Muheza, akumbuke kuwa tumbo la Vitz liko chini, na jiwe moja linaweza kupasua sampu ya oili.

Starlet bado zipo na bado zinatembea. Injini zake nyingi hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa karibu kila kilometa 100,000. Vitz, IST na Passo zinatumia cheni, ambayo ikipata oili safi hukaa muda mrefu sana. Basi anayeuziwa Starlet aulize mkanda ulibadilishwa lini, na jibu la "juzi tu" lifuatwe na risiti.

Tutaulizwa: je, Honda Fit, Nissan March, Mazda Demio na Suzuki Swift si magari? Ni magari, tena mazuri, na pengine kwa bei ile ile unapata lililo jipya zaidi. Ila kabla hujalinunua, pita kwenye maduka matatu ya spea hapa mjini uulizie pedi za breki, taa ya mbele na rejeta ya gari hilo. Ukiambiwa mara tatu kuwa itabidi iagizwe Dar es Salaam ije na basi, unajua unachokinunua. Spea za Vitz utazipata hadi kwa mwenye kibanda, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaijua injini yake akiwa amefumba macho. Kwa mama anayehitaji gari Jumatatu asubuhi, jambo hilo ni zito kuliko uzuri wa viti. Kwa maoni yetu, ndilo zito kuliko yote.

Namba D si umri wa gari

Madalali wetu huliuza gari kwa herufi. Utasikia, "Hii ni namba D, mama, mpya kabisa." Herufi ile ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao inaonyesha gari liliandikishwa lini hapa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2002 lililokaa Japani miaka kumi na mitano likaja kwetu baadaye lina namba D, na jirani yake lililotengenezwa mwaka huo huo likaja mapema lina namba B. Tazama mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari, kisha linganisha namba ya chasi iliyo kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi. Herufi moja ikitofautiana, ondoka. Usikae kusikiliza maelezo.

Namba D ina faida yake, kwamba haijapigwa na barabara zetu miaka mingi. Lakini namba B iliyotunzwa na mwalimu mmoja tangu iingie nchini, yenye daftari la matengenezo, tungeichukua mbele ya namba D iliyokuwa inafanya kazi ya teksi usiku na mchana.

Kilometa nazo zisikutie moyo haraka. Kurudisha kilometa nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mjuzi. Tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai kilometa 60,000 huku mpira wa pedali umelika hadi chuma linakudanganya. Kama limeagizwa karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani. Huwa na daraja, kama 4 au 3.5, ukiona herufi R, maana yake gari liligongwa likatengenezwa.

Fundi awe wa kwako

Usiende na fundi wa muuzaji. Mlipe fundi wako nusu siku, tena mlipe kabla, ili asiwe na haja ya kupewa kitu na dalali. Nendeni asubuhi, injini ikiwa haijawashwa. Muuzaji akikukaribisha gari tayari linanguruma na limepata moto, jiulize kwa nini.

Injini ikiwashwa ikiwa baridi, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Fungua mfuniko wa oili: ukiona utando mweupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, na hapo kuna gasketi iliyokufa au zaidi. Chomoa kijiti cha oili ya gia boksi, kama gari linacho. Oili nzuri ni nyekundu. Iliyoungua ni ya kahawia na ina harufu ya kitu kilichoteketea. Weka gia ya nyuma, kisha ya mbele, mguu ukiwa kwenye breki. Gari likishtuka kama limesukumwa, gia boksi inaumwa, na gia boksi inakula akiba yote ya mwaka.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulikosea. Vitz za kwanza zina gia boksi ya otomatiki ya kawaida. Zile zilizotoka kuanzia mwaka 2005, hasa za injini ya lita 1.3, nyingi zina gia boksi ya aina ya CVT, nayo ina oili yake maalumu. Ukimwaga oili ya kawaida humo, unaiua taratibu. Uliza mapema ni ipi, uiandike kwenye karatasi, uibandike ndani ya boneti.

Jingine ni joto. Vitz nyingi hazina mshale wa kuonyesha joto la injini. Zina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemka. Taa nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo, hata kama umebakiza nyumba mbili ufike. Tumeona magari yaliyoharibika kwa sababu dereva alisema moyoni, "Nifike tu." Wala usifungue mfuniko wa rejeta ungali wa moto, majeraha ya maji hayo usoni na kifuani tumeyasafisha, si madogo. Na katika rejeta usitie maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi inakula rejeta kutokea ndani. Tumia maji maalumu ya rejeta yanayouzwa madukani.

Chumvi hiyo ndiyo adui mkubwa wa gari la Tanga kutokea nje pia. Mwambie fundi alale chini atazame sakafu, chini ya milango na pale shokapu zinapofungwa. Apige kidogo kwa bisibisi. Gari lililoegeshwa karibu na bahari miaka kumi linaweza kuwa na rangi inayong'aa juu na kutu ya kubomoka chini. Rangi mpya kabisa kwenye gari la zamani itutie shaka kuliko rangi iliyofifia.

Matairi yana tarehe yake ya kuzaliwa. Pembeni mwa tairi tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye miaka mingi hupasuka kwa joto hata kama meno yake bado ni marefu.

Mifuko ya hewa, mikanda na watoto

Hapa tunaomba msomaji wetu asiruke, kwa sababu ni jambo la uhai na halizungumzwi yadi.

Magari mengi ya miaka ya 2000 yana mifuko ya hewa, ile inayofumuka kwenye usukani gari likigongwa. Kampuni moja ya Japani, Takata, ilitengeneza mamilioni ya mifuko hiyo yenye kasoro: baruti inayoifumua huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa dereva. Mwaka 2014 huko Malaysia mama mjamzito alifariki kwa namna hiyo akiwa katika Honda City ya mwaka 2003. Mei 2015 Toyota walitangaza kuyarudisha kiwandani kwa marekebisho magari karibu milioni tano ya aina 35, Corolla na Vitz zikiwamo, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2007. Takata wenyewe walifilisika mwaka 2017.

Joto na unyevu wa miaka mingi. Msomaji wa Tanga, Pangani au Mombasa haitaji kuelezwa maana yake. Magari ya miaka hiyo ndiyo tunayoyanunua, na mengine yaliondoka Japani kabla kasoro haijatangazwa. Chukua namba ya chasi, umpelekee wakala wa Toyota au Honda, au umwombe aliyeliagiza gari, aangalie kama lilikuwa katika orodha na kama lilirekebishwa. Namba ya chasi inatosha. Usimruhusu fundi wa mtaani aufungue mfuko huo kwa kubahatisha.

Mikanda ya viti vya nyuma katika magari mengi imesukumiwa chini ya viti, hasa baada ya kuwekwa vitambaa vya urembo. Ivute yote, uijaribu kabla ya kulipa. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Gari likisimama kwa kugonga, mtoto wa kilo 10 huondoka mikononi kwa nguvu ambayo hakuna mama anayeweza kuizuia, na akiwa mbele anakutana na kioo au na mfuko wa hewa. Kile kiti cha kitoto kinachomtazamisha nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Mama mjamzito afunge mkanda: wa chini upite chini ya tumbo, kwenye nyonga, na wa juu upite katikati ya matiti. Tunaulizwa sana kliniki kama mkanda unamuumiza mtoto. Kinachomuumiza ni mama yake kurushwa.

Kuagiza mwenyewe

Wako wanaoagiza moja kwa moja kutoka Japani, na tangu bandari ya Tanga iongezwe kina na gati, meli za magari nazo zimeanza kutia nanga hapa kwetu. Ajiandae tu na kodi. Kwa viwango tulivyovizoea kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na katikati yake kuna ushuru wa bidhaa: gari la injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 halilipi, la kuanzia 1,001 hadi 2,000 hulipa asilimia 5. Vitz na Passo za lita moja hupita chini ya mstari huo kwa nukta chache. Lakini uzee nao una kodi. Gari lenye miaka minane hadi kumi huongezwa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30, na kila kodi hupanda juu ya mgongo wa nyingine. Ndiyo maana gari linaloonekana la bei ya kutupa kwenye picha hukaribia kuwa mara mbili likifika. TRA wana kikokotoo chao. Lipitishe gari humo kabla hujatuma hata senti. Viwango huweza kubadilika bajeti ikisomwa Juni.

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, basi anayekudai hiyo kwa gari dogo leo ana lake jambo. Bima ni lazima. Bima ndogo hulipa madhara uliyowafanyia wengine, si gari lako; mwenye mkopo juu ya gari lake tungemshauri ajikaze kwa bima kubwa mpaka mkopo uishe.

Kadi iwe na jina la nani?

Tunajua swali hili huleta ubaridi mezani. Lakini tumekaa na wajane mahakamani na tumesoma nao makaratasi, kwa hiyo tutalisema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kupata na kumiliki mali kwa jina lake kama mwanamume. Kama mkopo unakatwa kwenye mshahara wako, hakuna kosa jina lako kuwa kwenye kadi. Kama mmechangia, mkae muandike. Mazungumzo haya hufanywa kabla ya kununua, mkiwa mmeshiba na watoto wamelala, si siku ya kugombana.

Na ukinunua gari lililotumika hapa nchini, badilisha jina TRA mara moja. Wapo wanaotembelea gari lenye jina la mtu wa tano huko nyuma, aliyefariki zamani, huku ndugu zake wakijua kuwa kuna gari mahali fulani.

Gari la mtaa mzima

Siku utakapoliegesha gari nyumbani, mtaa utajua kabla hujazima injini. Kuanzia hapo wewe ni mwenye gari. Utaombwa kubeba maharusi, maiti, kwaya, magunia ya mahindi na mgonjwa wa saa nane usiku. Mengine yakatae kwa upole. Vitz imepewa nafasi ya watu watano. Wanakwaya wanane wenye majoho watakuvunjia shokapu, na mkigongwa bima itauliza mlikuwa wangapi. Waambie wazi mapema, na wanaoomba safari za sherehe wachangie mafuta. Hakuna dhambi katika hilo.

Mgonjwa tusingemkataa, na hasa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa hao tunaomba ujiandae. Mlaze kiti cha nyuma kwa ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa mapajani mwa mwanamke mwingine, wala usimkalishe mbele. Mume akae kiti cha mbele, asiongezeke mtu wa nne wa kutazama. Aliyeanguka kutoka mwembeni au aliyegongwa akasema hasikii miguu, usimkunje aingie kwenye gari dogo. Tafuta pikapu na ubao, ashikwe na watu wanne kwa pamoja, shingo isigeuzwe.

Katika buti weka mfuko wenye kanga mbili safi, jozi kadhaa za glovu, tochi na mfuko wa nailoni mzito wa kutandika kitini. Angalia upepo wa tairi la akiba kila mwezi. Jumamosi osha gari kwa maji baridi, na mpira uelekezwe chini, kwenye matao ya matairi, mpaka maji yatoke meupe bila mchanga. Na tangi lisishuke chini ya robo, kwa sababu vituo vingi vya mafuta vya pembeni mwa mji hufungwa usiku, na uchungu huwashika wengi usiku.